Mchague Dalali Kabla Hujaichagua Nyumba

Kwenye kuta nyingi za Dar es Salaam utasoma maneno yaliyopakwa kwa rangi: "Nyumba hii haiuzwi. Ogopa matapeli." Wenye nyumba hawachafui kuta zao kwa kupenda. Wameandika hivyo kwa sababu nyumba zenye watu ndani huonyeshwa kwa wanunuzi mchana kweupe na watu wasiozimiliki. Kiwanja kisicho na fensi ndiyo kabisa: kinaweza kuuzwa mara mbili au tatu mwenyewe akiwa kazini Mwanza. Na katika mauzo mengi ya aina hiyo, aliyemwongoza mnunuzi hadi getini ni dalali. Wakati mwingine dalali alikuwa ndani ya utapeli tangu mwanzo. Wakati mwingine naye alidanganywa, akapokea hela yake ya kuonyesha nyumba, akaenda zake.

Sisemi haya ili uwakimbie madalali. Hutaweza kuwakimbia, na huna sababu ya kufanya hivyo. Nyumba nyingi zinazouzwa mijini kwetu hazitangazwi gazetini wala hazina orodha rasmi. Zinajulikana kwa mdomo, na mdomo huo ni wa dalali. Yeye ndiye anayejua kwamba mzee wa nyumba ya tatu kutoka msikitini amestaafu na anataka kurudi Moshi, kwamba nyumba ya kona imekwama kwenye mirathi, kwamba mtaa wa pili maji hayafiki. Mtu mwenye ujuzi huo anastahili kulipwa. Ninachokuomba ni kimoja: usimchague kwa ulimi wake, wala kwa gari lake, wala kwa wingi wa picha alizonazo kwenye simu. Mpime kwa namna anavyokupeleka kwa mwenye nyumba na kwenye karatasi za nyumba. Anayekufikisha huko upesi na bila manung'uniko, shika naye safari. Anayesimama katikati kama ukuta, muage mapema, hata kama nyumba aliyokuonyesha umeipenda.

Ili uelewe kwa nini kipimo hiki kinafanya kazi, lazima ujue dalali anakula wapi. Kwanza kuna hela ya kuonyeshwa, elfu kadhaa unazotoa kabla hujapanda bodaboda kwenda kuona nyumba. Pili kuna kamisheni. Kwenye nyumba za kupanga ni kodi ya mwezi mmoja. Kwenye kununua ni asilimia ya bei, mara nyingi asilimia 5, na kwenye viwanja wapo wanaodai hadi 10. Tatu kuna ile isiyotajwa mbele yako: cha juu. Mwenye nyumba amesema anataka milioni 80. Dalali anakuambia ni milioni 95, maongezi yapo kidogo. Ukimshusha hadi 92 unaondoka ukiwa na furaha kwamba umebana bei, na yeye ana milioni 12 ambazo mwenye nyumba hazijui, juu ya kamisheni aliyoahidiwa.

Hapo ndipo penye mzizi wa vituko vyote unavyoviona. Dalali mwenye cha juu hawezi kukukutanisha na mwenye mali, kwa sababu mkikaa wawili kwa dakika tano tu bei itajulikana. Ndiyo maana mwenye nyumba huwa "yuko safari", "hapendi usumbufu", "ameniachia kila kitu mimi". Ndiyo maana nakala ya hati haipatikani mpaka utoe kianzio. Na mara nyingi huyo unayezungumza naye si dalali wa nyumba hiyo. Ni dalali wa dalali: wa Sinza amepigiwa na wa Mbezi, wa Mbezi amepigiwa na kijana wa Msakuzi anayemfahamu fundi aliyejenga nyumba. Kila mmoja ameweka chake juu. Ukifika eneo la tukio unakuta watu wanne wamesimama getini, wote wanakuita bosi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzungumza na mwenye nyumba ana kwa ana.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima kuhusu uwakala, na mwelekeo wake ni kwamba wakala anayejifanyia biashara yake kwa siri ndani ya kazi aliyotumwa amemkosea aliyemtuma. Kwa hiyo mwenye nyumba ana haki ya kulalamika kuhusu cha juu. Lakini wewe mnunuzi ndiye unayeumia zaidi, kwa jambo ambalo wengi hawalifikirii hadi siku ya kesi: ni bei gani itaandikwa kwenye mkataba? Umetoa milioni 92, muuzaji anakiri kupokea 80, mkataba unasema 80. Mauzo yakibatilishwa kwa sababu yoyote, utadai kurudishiwa kilichoandikwa. Zile 12 utazitafuta kwenye mfuko wa mtu ambaye simu yake haipatikani tena. Jambo hilohilo huwapata wanaokubali kupunguza bei kwenye mkataba ili kodi iwe ndogo. Dalali akikushauri hivyo, ujue anakupa ushauri ambao hasara yake ni yako peke yako.

Sasa tuseme ukweli wa upande wa pili, maana watu hawapendi kuusema. Madalali wanamficha mwenye nyumba pia kwa sababu wanunuzi wanawazunguka. Mtu anaonyeshwa nyumba Jumamosi, Jumapili anarudi mwenyewe, anagonga geti, anamwambia mwenye nyumba "tumalizane sisi wawili, huyu kijana wa nini". Dalali aliyetembea na mteja wiki tatu juani anaachwa mikono mitupu. Akifanyiwa hivyo mara mbili, na yeye anajifunza kuficha, na mnunuzi anayefuata, ambaye ni muungwana, anakuta ukuta. Ujanja wa pande hizi mbili unalishana.

Dawa yake ni karatasi moja mnayoisaini kabla ya kwenda kuona nyumba. Iandike wewe, kwa Kiswahili cha kawaida: jina lako na jina lake kama yalivyo kwenye vitambulisho vya NIDA, nyumba inayohusika, asilimia au kiasi atakacholipwa, nani atalipa, na lini. Andika kwamba hutanunua nyumba hiyo kwa mlango wa nyuma bila kumlipa. Andika pia kwamba atakukutanisha na mmiliki na kukupa nakala ya hati kabla hujalipa chochote cha ununuzi, na kwamba hachukui fedha nyingine yoyote juu ya bei ya muuzaji. Karatasi hii inamlinda yeye kuliko inavyokulinda wewe, na dalali makini ataliona hilo mara moja. Anayecheka na kusema "sisi tunafanya kazi kwa kuaminiana, bosi" amekwisha kukujibu.

Utampata wapi dalali wa kusaini karatasi hiyo? Waulize watu walionunua, usiwaulize waliopanga. Dalali wa kupangisha vyumba anaweza kuwa hodari kweli kwenye kazi yake na asijue tofauti kati ya hati na ofa. Muulize pia wakili anayeshughulika na ardhi, au ofisa wa mikopo ya nyumba wa benki yako. Hawa wameona mauzo yaliyoharibika na wanajua majina ya walioyaharibu. Kisha tazama eneo. Dalali wa kweli ana mipaka. Wa Kinyerezi anaijua Kinyerezi, anajua kipi kilipimwa na kipi ni makazi holela, anajua mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyepita na aliyepo. Mtu anayekuambia ana nyumba Kigamboni, Bunju, Chanika na Kibaha kwa wakati mmoja ana namba za simu tu.

Akiwa ni kampuni, yapo ya kuangalia zaidi: usajili BRELA, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, ofisi ambayo ukirudi baada ya miezi sita utaikuta. Lakini usiichukue ofisi yenye kiyoyozi kuwa dhamana. Na utofautishe kampuni ya uwakala na zile kampuni za viwanja zinazonunua mashamba ekari kwa ekari Mapinga au Vikindu, zinapima na kuuza kwa awamu. Hizo ni wauzaji. Maswali yake ni mengine: shamba lenyewe lina jina la nani, mchoro wa mipango miji umeidhinishwa, upimaji umesajiliwa, na ukimaliza awamu ya mwisho hati inatoka kwa jina lako ndani ya muda gani ulioandikwa.

Wenzetu wa Kenya wana Sheria ya Mawakala wa Nyumba, Sura ya 533, na bodi inayowasajili, kwa hiyo mnunuzi wa Nairobi au Mombasa anaanza kwa kuuliza namba ya usajili na leseni ya mwaka huo. Huku Bara, wathamini wana sheria yao ya mwaka 2016 na bodi yao, lakini kazi ya dalali wa nyumba imefanywa miaka nenda rudi na yeyote mwenye simu na miguu. Zanzibar nako ardhi ina sheria zake na Bodi yake ya Uhamisho wa Ardhi. Dalali wa Kariakoo anayekuambia atakumalizia nyumba ya Fuoni kama anavyomaliza ya Tabata, usiende naye.

Siku mnapokutana, mpe maswali na usikilize zaidi namna anavyojibu kuliko anachojibu. Muulize mwenye nyumba ni nani na amemtuma kwa maandishi au kwa mdomo. Muulize kwa nini mwenye nyumba anauza. Muulize ni nyumba zipi nyingine alizouza mtaa huo, na kama unaweza kuzungumza na mmoja wa walionunua. Muulize kamisheni yake inatoka kwa nani, kwa sababu wapo wanaolipwa pande zote mbili. Hilo linaweza kukubalika likiwa wazi, likifichwa ni hatari. Halafu muulize swali ninalolipenda kuliko yote: nyumba hii ina ubaya gani? Dalali mwenye uzoefu anajua ubaya wa kila nyumba anayouza. Atakuambia kwamba maji ya DAWASA yanakuja kwa mgawo, kwamba masika gari dogo halipandi kile kilima, kwamba jirani wa nyuma amejenga ukuta ukaingia ndani kidogo na wameshafika serikali ya mtaa. Anayekuambia haina ubaya wowote ama haijui ama hataki uijue.

Mkifika kwenye nyumba, dalali mzuri hana wasiwasi ukitembea peke yako. Salimia majirani. Waulize nyumba hii ni ya nani, bila kusema umekuja kununua. Ukiwa na namba ya mita ya LUKU, nunua umeme kidogo. Mara nyingi risiti huleta jina la mteja aliyesajiliwa. Tazama na bili ya maji. Majina haya hayathibitishi umiliki, kwani huenda mita ilisajiliwa na mwenye nyumba wa zamani au mpangaji, lakini jina likiwa geni kabisa umepata swali la kuuliza. Na uende tena siku nyingine, ikiwezekana baada ya mvua kubwa ya Machi au Aprili, bila kumpigia dalali simu.

Serikali ya mtaa utafikishwa tu, na ni vizuri ufike. Mwenyekiti anajua migogoro ya mtaa wake. Lakini elewa kwamba muhuri wake unashuhudia kwamba watu wawili wameuziana mbele yake. Haugeuzi kiwanja cha mtu kuwa cha muuzaji. Usikubali dalali akukimbize kwenye ofisi ya mtaa na kukuambia "hapa ndiyo mwisho". Na ukidaiwa asilimia ya bei ya nyumba kwa ajili ya kugonga muhuri, omba uonyeshwe sheria inayoiruhusu na upewe stakabadhi ya serikali yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Ombi hilo, likisemwa kwa upole, limewaokolea watu mamilioni.

Kazi kubwa iko kwenye karatasi, na hapa dalali asiwe ndiye macho yako. Katika lugha yao kila nyumba "ina hati". Ukiuliza zaidi, hati hiyo inageuka kuwa ofa, yaani barua ya toleo ambayo mwenyewe hakuwahi kuimalizia, au leseni ya makazi ambayo ni ya muda mfupi na huhuishwa, au mkataba wa mauziano ulioandikwa serikali ya mtaa mwaka fulani. Kila moja kati ya hizi ina thamani yake na bei yake, na unaweza kuamua kununua nyumba isiyo na hati ukijua unachofanya. Kinachokatazwa ni kulipa bei ya hati kwa kitu kisicho na hati. Kumbuka pia kwamba chini ya Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda uliotajwa, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1998 imebakiza michache. Dalali anayelijua hili atakuambia kabla hujauliza.

Upekuzi kwa Msajili wa Hati ufanywe na wakili wako, kwa namba ya hati, ya kiwanja na ya kitalu. Utaonyesha jina la mmiliki, muda uliobaki, kama nyumba imewekwa rehani benki, kama kuna zuio limewekwa na mwanandugu au mtu mwingine anayedai. Dalali akikuletea majibu ya upekuzi alioufanya mwenyewe, mshukuru, kisha ufanye wa kwako upya. Baada ya hapo mlipe mpimaji aende na vipimo vyake kwenye eneo akaone bikoni. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu hati imeshaonekana ni halali. Lakini kuna utapeli ambao hati yake ni halali kabisa, jina ni sahihi, upekuzi unatoka safi, ila kiwanja ulichoonyeshwa siyo kile kilichoandikwa. Hati ni ya kiwanja cha bondeni, wewe umeonyeshwa cha juu barabarani. Mpimaji ndiye anayeweza kuugundua, kwa gharama ndogo mno ukilinganisha na bei ya nyumba.

Halafu kuna watu walio nyuma ya hati. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo mwenza wa muuzaji aonekane, asaini, siyo kusimuliwa kwamba "mama amekubali". Ikiwa mwenye jina amefariki, anayeuza awe na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na warithi wajulikane. Ikiwa anayeuza ana hati ya uwakili kutoka kwa mtu aliye nje ya nchi, wakili wako aithibitishe na umwone mwenye mali kwa simu ya video akiwa na kitambulisho chake. Utashangaa jinsi madalali wanavyotofautiana hapa. Mmoja atasema unachelewesha biashara. Mwingine atakuwa ameshawatafuta watoto wote wa marehemu na namba zao anazo. Wa pili huyo, hata kamisheni yake ikizidi kidogo ya wenzake, mlipe.

Kuna nyumba ambazo karatasi zake zinaweza kuonekana sawa na bado zikabomolewa. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi, huko Jangwani na Mkwajuni, ziliwekwa alama ya X na kuangushwa. Mwaka 2017 ikawa zamu ya walioko kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, kupisha upanuzi wa barabara. Humo mlikuwa na nyumba za miaka mingi na familia zilizoamini ziko salama. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na bahari. Kwa hiyo mwambie dalali akuonyeshe hifadhi ya barabara inaishia wapi na mto uko umbali gani. Ukisikia "serikali haiwezi kubomoa nyumba zote hizi", ujue umekutana na mtu ambaye alisema hivyohivyo Kimara.

Utasukumwa. Hilo ni hakika. "Kuna mtu anakuja na hela saa kumi." "Mwenye nyumba ana shida, ndiyo maana bei ni ya kutupa, kesho inapanda." Inawezekana hata ni kweli. Jibu lako liwe lilelile: "Namtakia heri huyo wa saa kumi. Mimi nasubiri majibu ya wakili." Utapoteza nyumba moja au mbili kwa msimamo huo, na zitauma, hasa ile yenye mwembe uani na veranda uliyokwisha kuipangia viti. Mwache aliyeharakisha achukue. Nyumba zinauzwa kila wiki katika jiji hili, lakini akiba ya miaka kumi na mitano haikusanywi mara mbili.

Kwenye malipo usilegee hata kidogo. Bei ya nyumba haipiti mkononi mwa dalali, hata sehemu yake, hata "ya kushikilia". Inakwenda benki, kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye hati, na maelezo ya muamala yaseme ni malipo ya nini. Mkataba uandikwe na wakili uliyemtafuta mwenyewe. Dalali akikuambia "wakili tunaye, anafanya kwa bei nzuri", wakili huyo ni wa kwao. Panga malipo kwa awamu: sehemu wakati wa kusaini, na kiasi kikubwa kibaki hadi kibali cha uhamisho kipatikane na fomu zote ziwe zimesainiwa. Mkubaliane mapema kuhusu kodi pia. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi mara nyingi ni asilimia 10 ya faida, ni mzigo wa muuzaji. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi. Madalali wengi huliacha suala hili hadi mwisho ili lisiharibu biashara, kisha muuzaji anagoma kulipa na hati inakaa mwaka mzima bila kuhamishwa, jina likiwa bado lake.

Neno kwa ndugu zetu walioko Muscat, London au Minneapolis. Wengi wenu mnanunua kupitia mdogo wenu au binamu, na mnaamini damu inatosha. Tatizo ni kwamba ndugu anayekutana na dalali kila siku, anayenunuliwa chai na kuahidiwa "na wewe kaka hatutakusahau", anaanza kuwa dalali wa tano kwenye ule mnyororo bila hata kujua. Mgawanye kazi: ndugu aone nyumba na majirani, wakili athibitishe karatasi, mpimaji apime, na fedha itoke kwako moja kwa moja kwenda kwa muuzaji. Watatu hao wasiwe watu wa mtu mmoja. Na ikiwa umekwisha kuchukua uraia wa nchi nyingine, zungumza na wakili kabla hata ya kumpigia dalali, kwa kuwa sheria ya ardhi haimtazami asiye raia kama inavyomtazama raia, na nyumba iliyoandikwa jina la binamu ni ya binamu.

Hali ikiharibika, usiishie kumtukana dalali kwenye makundi ya simu. Akikwapua fedha, hilo ni jambo la polisi. Mgogoro wa umiliki unaanzia usuluhishi wa Baraza la Kata na kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko watakachotaka kuona ni karatasi, miamala ya benki na jumbe za simu. Usifute ujumbe wowote wa dalali hadi hati itoke.

Na ikienda vizuri, kama inavyokwenda kwa wengi wanaofuata taratibu, mtendee haki aliyekutendea haki. Usianze kupunguza kamisheni siku ya mwisho kwa kisingizio kwamba kazi kubwa ilifanywa na wakili. Usimpe nusu ukamwambia aje mwezi ujao. Siku hati inapotoka ikiwa na jina lako, mpigie simu, mlipe chote mlichoandikiana, msaini wote wawili kwamba amepokea, kisha mpe namba yake rafiki yako anayetafuta nyumba.